Inveta ya sola inaipokea jenereta sekunde chache kisha inaikataa: kosa liko wapi?

Mama Ediofe (Arua), Jumapili saa 3 usiku

Nawasalimu nyote. Ninaomba ushauri kuhusu jambo ambalo limenisumbua tangu mvua za Agosti zilipoanza kunyesha karibu kila siku. Nyumbani tuna sola iliyofungwa mwaka jana: paneli 6 za wati 400 kila moja, inveta (mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa nyumbani) ya kilowati 5 ya volti 48, na betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100. Siku za jua hatuna shida yoyote. Friji, friza ambamo ninahifadhi samaki wa biashara, taa, televisheni na simu za nyumba nzima vyote vinapata umeme, na ifikapo saa 8 mchana betri huwa imejaa. Lakini wingu likitanda siku mbili au tatu mfululizo, ninaamka na kukuta betri imebaki asilimia 20 na samaki wameanza kulegea. Umeme wa gridi tunao pia, ila ikinyesha mvua ya upepo mara nyingi nao hukatika siku hizo hizo ninapouhitaji.

Kwa sababu hiyo nimenunua jenereta ndogo ya petroli. Kibandiko chake kinasema kilowati 3.0 kwa kiwango cha juu na kilowati 2.8 kwa kazi ya kuendelea. Fundi aliyetufungia sola alikuja, akaondoa waya wa gridi kwenye mdomo wa inveta wa kuingizia umeme, akauweka wa jenereta. Jenereta ikiwaka bila kazi, kioo cha inveta kinaonyesha volti 238 na hezi karibu 52. Baada ya muda mfupi inveta inalia “ka!”, inaanza kuchaji, jenereta inaguna kama ng’ombe anayevuta gari la mawe, volti zinashuka hadi 180, mara 165, kisha “ka!” tena, inveta inarudi kwenye betri na jenereta inapumua. Baada ya dakika moja mchezo unaanza upya. Tulikaa nusu saa tukisikiliza hiyo “ka, ka”, mwishowe nikaizima nikiogopa kwamba kitu kitaungua.

Fundi anasema jenereta ni mbovu, na aliyeniuzia anasema inveta ndiyo mbovu. Fundi akaniachia pia waya wenye plagi ya miguu mitatu pande zote mbili, akasema nikishindwa kabisa nichomeke upande mmoja kwenye jenereta na upande mwingine kwenye soketi yoyote ya jikoni, nyumba yote itapata umeme. Bado sijautumia, moyo unasita.

Naomba kujua: je, kati ya hivi viwili kipi ni kibovu? Waya ule ni salama? Na jenereta ya ukubwa huu inafaa kweli kuchaji betri yangu, au nimetupa pesa?

Fundi wa Malaba, Jumapili saa 4:20 usiku

Mama, salamu kutoka Malaba. Nianze na waya, kwa kuwa hilo haliwezi kusubiri: usiuchomeke popote, hata kwa kujaribu. Upande mmoja ukiwa kwenye jenereta inayofanya kazi, miguu ya plagi ya upande wa pili ina volti 240 hewani, na mtoto akiishika hapana kitakachomwokoa. Ukiichomeka jikoni, umeme wa jenereta unakwenda kwenye nyaya za nyumba ambazo inveta nayo inazilisha kutoka upande wake wa kutolea umeme. Vyanzo viwili visivyokwenda kwa mdundo mmoja vinakutana uso kwa uso, na kinachokufa kwanza huwa ni inveta. Zaidi ya hapo, kama nyumba yenu ina saketi zinazoungana na mita bila kupitia inveta, umeme huo utatoka hadi kwenye transfoma ya mtaani. Transfoma inayoshusha volti 11,000 kuwa 240 hufanya pia kazi ya kinyume, kwa hiyo fundi wa shirika aliyepanda nguzo akiamini laini imekatika atakutana na maelfu ya volti yaliyotoka jikoni kwako.

Sasa hiyo “ka, ka”. Kwa maelezo yako sioni kifaa kibovu. Ninaona hesabu ambayo haikufanywa. Inveta za aina hii zina mahali pa kuweka ampea za kuchaji kutoka gridi au jenereta, mbali na zile za paneli. Ingia kwenye mipangilio yake utazame namba iliyowekwa. Mafundi wengi huacha ile ya kiwandani, na kwa inveta ya volti 48 mara nyingi nimeikuta ni ampea 60. Betri yako ikiwa inachajiwa kwa volti kama 54, ampea 60 ni wati 3,240 zinazoingia kwenye betri. Ongeza kinachopotea njiani kama joto, utaona inveta inaidai jenereta karibu wati 3,500, na bado hatujahesabu friji na friza. Jenereta ya kilowati 2.8 haiwezi. Injini inalemewa, mzunguko unapungua, volti zinaanguka, inveta inaona umeme mbovu na kujitoa, mzigo unaondoka, jenereta inarudi kwenye hali nzuri, inveta inaona umeme mzuri na kurudi. Huo ndio mchezo mliousikiliza nusu saa.

Hezi 52 zisikutishe. Jenereta ndogo hupangwa izunguke kasi kidogo ikiwa haina kazi, ili ikibebeshwa mzigo ishuke hadi karibu na 50, ambayo ni mizunguko 3,000 kwa dakika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jenereta inapoingia, inveta nyingi za bei ya kati huacha kutumia betri na kuupitisha umeme wa jenereta moja kwa moja hadi kwenye nyumba, huku zikichaji pembeni. Maana yake ni kwamba jenereta inabeba nyumba na betri kwa pamoja. Mtu akiwasha birika la wati 2,000 katikati ya kuchaji, umekwisha. Ziko mashine za bei ya juu zinazochota kidogo kwenye betri ili kuisaidia jenereta wakati wa mzigo mkubwa, lakini nyingi tunazofunga mitaani hazina uwezo huo.

Hatua zangu ni hizi. Shusha ampea za kuchaji kutoka jenereta hadi 30. Kisha tafuta mpangilio wa upana wa volti za kuingia: kuna chaguo jembamba linalofaa kompyuta, ambalo hukata volti zikishuka chini ya 170 hivi, na chaguo pana la vifaa vya kawaida, ambalo huvumilia hadi 90. Weka pana, inveta itaacha kuikataa jenereta. Mwisho, fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme aweke swichi ya kubadilishia, ile tunayoiita chenjova, yenye nafasi tatu: gridi, sufuri, jenereta. Iwe ya kukata nyaya mbili, laivu (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudi) kwa pamoja, na upande wa jenereta uwe na breka ya ampea 16 na waya wa milimita za mraba 2.5. Hapo hutahitaji tena mtu wa kufungua inveta kila mvua ikinyesha.

Msafiri wa Kabale, Jumatatu saa 1 asubuhi

Nakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, lakini kwenye mambo mawili ninaomba tutofautiane.

La kwanza ni ampea 30. Kibandiko cha jenereta kinasema ukweli wa usawa wa bahari, na Uganda haina bahari. Injini ya petroli ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Arua iko kwenye mita 1,200 hivi, kwa hiyo ile 2.8 ya Mama tayari imekuwa kama 2.4. Mimi huku Kabale, karibu mita 2,000, nimejifunza kwa uchungu: jenereta yangu ya kilowati 2.2 inanipa 1.7 ikiwa imeamka vizuri, na miezi ya kwanza nilikuwa nikimlaumu muuzaji bure. Sasa tupige hesabu ya Mama kwa ampea 30: wati 1,620 kwenye betri, zinazokuwa kama 1,800 upande wa jenereta, jumlisha 400 za friji, friza na taa. Hiyo ni 2,200 kati ya 2,400. Injini itabeba, lakini itakuwa imekabwa koo muda wote, na friza ikianza kuwaka ghafla itaangusha kila kitu. Ampea 20 ndizo zinazofaa: wati 1,200 za kuchaji na 400 za nyumba, jumla 1,600, ambazo ni theluthi mbili ya uwezo halisi. Injini ndogo ya petroli hupenda kufanya kazi hapo.

La pili ni huo upana wa volti. Ndugu Fundi, kuipanua nafasi ya kuvumilia bila kwanza kupunguza mzigo ni sawa na kumziba mtoto mdomo ili asilie. Inveta haitakata, ni kweli. Lakini kumbuka ulichoandika mwenyewe, kwamba umeme wa jenereta unapita moja kwa moja hadi kwenye friza. Ikiwa volti ni 165, basi ndizo zitakazofika kwenye kompresa, yaani mota ya friza, na kompresa inayojaribu kuanza kwa volti 165 hunguruma, hupata moto na siku moja haiamki. Kwa hiyo mpangilio uwe: ampea zishuke kwanza, volti zitazamwe kwenye kioo huku inachaji, na zikishakaa juu ya 220 bila kuyumba ndipo upana uongezwe ili inveta isishtuliwe na mtikisiko mdogo. Zikiwa bado zinazama, tatizo halijatatuliwa, hata kama “ka, ka” imenyamaza.

Mama, soma pia karatasi ya betri yako. Betri nyingi za lithiamu za ampea-saa 100 hupendekeza zichajiwe kwa ampea 50 au chini yake, na kwenye inveta kuna namba nyingine ya jumla, inayojumlisha paneli na jenereta. Kama hiyo imewekwa 80 au 100, jua likichomoza ghafla wakati jenereta inafanya kazi, betri italishwa kuliko inavyotakiwa.

Kwa wasomaji ambao bado wana betri za risasi kama mimi, hesabu ni nyingine kidogo. Betri hizo hupokea haraka hadi kama asilimia 80, kisha huanza kunywa kwa kijiko. Ukiendelea na jenereta hadi 100 utachoma petroli saa 3 au 4 kwa ajili ya ampea chache. Mimi huzima kwenye 80 na kuliachia jua limalizie, ingawa zisipojazwa kabisa kwa wiki nzima huanza kuzeeka, kwa hiyo siku ya kwanza ya jua baada ya mvua ninazima vitu vingi ili zijae. Lithiamu haina shida hiyo. Asilimia 70 au 80 inaitosha kabisa.

Kuna njia ya tatu ambayo haijatajwa. Kama inveta itaendelea kuwa na kiburi hata baada ya ampea kushuka, nunua chaja ya pekee ya volti 48 iliyotengenezwa kwa betri za lithiamu, ichomekwe kwenye jenereta, na nyaya zake nene ziende moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Chaja haijali sana kama hezi ni 49 au 53. Inveta inabaki ikiendesha nyumba kutoka kwenye betri, jenereta haiijui nyumba kabisa, na hata mtu akiwasha pasi hakuna kinachoanguka. Ila msidanganyike na ule mdomo mdogo wa volti 12 ulio kwenye jenereta nyingi: ni wa ampea 8 hivi, umewekwa kwa ajili ya kuiamsha betri ya gari, na kwa mfumo wa volti 48 haufai kwa lolote.

Mzee wa Bombo, Jumatatu saa 5 asubuhi

Wanangu mmezungumza umeme vizuri, nami sina cha kuongeza hapo. Nitasema juu ya moshi, kisha juu ya saa na pesa.

Mwaka juzi, siku ya mvua kubwa, niliiweka jenereta yangu kwenye baraza, nikijiambia kwamba baraza liko wazi na moshi utajiondokea. Dirisha la chumba cha wajukuu lilikuwa hatua tatu kutoka hapo, limefunguliwa kiasi cha kiganja. Baada ya saa moja hivi mkubwa wao alikuja sebuleni akilalamika kichwa, akafuatia mdogo ambaye alitapika mlangoni. Bibi yao akadhani ni chakula. Mimi nilipoingia mle chumbani sikusikia harufu yoyote ya ajabu, na hilo ndilo linaloua, kwa sababu kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki ili kujitetea. Tuliwatoa nje kwenye mvua, tukazima jenereta, tukawapeleka kituo cha afya, na Mungu akawa mwema. Tangu siku ile jenereta yangu inakaa mita 7 kutoka nyumbani, chini ya kipaa cha mabati kilichosimama juu ya nguzo nne bila ukuta hata mmoja, ekzosi ikitazama shamba. Mvua haiilowanishi, na moshi hauna pa kuingia. Msiiweke kwenye gereji, wala stoo yenye mlango wazi, wala baraza.

Umbali huo unaleta jambo la waya. Watu hutumia ekstensheni ya gurudumu, huufungua mita chache na kuuacha uliobaki umeviringishwa. Waya uliojiviringisha ukibeba wati 1,600 kwa saa mbili hupata moto ndani kwa ndani, kwa kuwa joto halina pa kutokea, na ngozi yake ya plastiki huanza kulainika. Ufunueni wote, hata kama utalala kwenye nyasi.

Kuhusu saa, nimeona watu wengi huwasha jenereta alfajiri wanapoona betri imeisha. Mimi nilifanya hivyo pia, na mara mbili nilijaza betri kwa petroli saa 1 asubuhi, halafu saa 4 wingu likapasuka na jua likawaka hadi jioni, paneli zikakosa pa kuweka umeme wake. Sasa ninangoja hadi saa 11 jioni. Wakati huo mchango wa jua wa siku nzima unajulikana, ninatazama asilimia iliyobaki, na ninachaji kiasi cha kunifikisha asubuhi tu. Kama una pasi ya kupiga au maji ya kupampu, yafanye saa hiyo, ila moja moja na baada ya kuchaji kupungua. Kwa mwenye samaki kama Mama huenda isiwe sheria kali, maana friza haingoji jioni. Akiamka na asilimia 15 na mbingu nyeusi, awashe dakika 40 za kuokoa, kisha alitazame jua lina nini.

Na pesa. Jenereta ya ukubwa huo ikibeba wati 1,600 hunywa lita 1 au zaidi kidogo kwa saa. Tuseme lita 1.1, na lita tuihesabu kwa shilingi 5,000. Kwa saa 2 na nusu utakuwa umechoma karibu shilingi 13,750, na utakuwa umepata yuniti kama 2.7 kwenye betri na 1 iliyoliwa na nyumba. Kila yuniti imekugharimu zaidi ya shilingi 3,700, wakati yuniti ya gridi kwa mtu wa nyumbani haijafika 1,000. Sisemi usiitumie, samaki walioharibika ni ghali zaidi. Ninasema tu kwamba kama unajikuta ukiwasha siku 8 au 10 kwa mwezi, ongeza paneli 3 au 4, kwa sababu hata siku ya wingu paneli hutoa kitu, na paneli haina plagi ya cheche ya kubadilisha.

Ukikaa miezi miwili bila kuitumia, petroli iliyolala kwenye kabureta hugeuka utomvu. Funga bomba la mafuta huku injini ikiunguruma na uiache ijizimie yenyewe. Iwashe dakika 15 kila mwezi hata kama kuna jua. Oili badilisha baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila baada ya saa 100. Usijaze petroli injini ikiwa moto, na usiweke dumu la petroli ndani ya nyumba.

Fundi wa Malaba, Jumatatu saa 7 mchana

Shikamoo Mzee, nimepokea. Na ndugu wa Kabale ana haki juu ya volti: niliandika hatua kwa mfuatano, lakini sikueleza kwa nini mfuatano ule una maana, na msomaji mwenye haraka angeanza na upana. Ampea 20 pia nimekubali, sisi wa Malaba tumezoea kusahau kwamba hata hapa tuko juu ya mita 1,000.

Ninaongeza jambo moja ambalo limewahi kuniletea simu za usiku. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake inaelea, yaani haikuunganishwa na ethi (waya unaokwenda ardhini). Kama nyumba ina ile breka inayokata umeme unapovuja kwenye mwili wa mtu, breka hiyo haitafanya kazi inavyotakiwa wakati nyumba inakula umeme wa jenereta, ingawa inafanya kazi vizuri wakati wa gridi. Nyutro na ethi ziunganishwe mahali pamoja tu, si pawili, na pahali penyewe panategemea jinsi inveta yenu ilivyojengwa, kwa hiyo fundi asome kitabu chake kabla ya kukaza skrubu. Nguzo ya ethi iwepo, na mwili wa jenereta uunganishwe nayo.

Na kwa yeyote mwenye inveta ya aina ile inayoweza kurudisha umeme wa jua kwenye gridi: usiunganishe jenereta kwenye mdomo wa gridi wa mashine hiyo. Itadhani ni gridi, itaanza kuisukumia umeme wa paneli, na jenereta haijui kupokea. Mashine hizo nyingi zina mdomo wa jenereta uliotengwa, tumieni huo.

Mama Ediofe (Arua), Jumatano saa 2 usiku

Ndugu zangu, na wewe Mzee wangu wa Bombo, asanteni sana. Nimetazama mipangilio na mwanangu wa Senior Five, na kweli ampea za jenereta zilikuwa 60 na za jumla 80, ilhali karatasi ya betri inasema zisizidi 50. Tumeweka 20 na 50. Jana jioni saa 11 na robo betri ikiwa asilimia 31 tuliwasha jenereta nyuma ya banda la kuku, mbali na madirisha yote. Inveta ililia “ka!” mara moja, tukangoja ya pili, haikuja. Volti zilisimama kwenye 228, hezi 50.4, na jenereta ilitoa sauti tulivu ambayo sikuwahi kuisikia tangu niinunue. Baada ya saa 2 na dakika 20 betri ilikuwa asilimia 78 nikazima. Upana wa volti sikuugusa kwa sasa, kwa kuwa haukuhitajika.

Kuna kasoro moja tu. Friza ilipojizima na kutaka kuanza tena, volti zilizama hadi 196 kwa kufumba na kufumbua, kisha zikarudi. Inveta haikukata. Je, hilo ni la kuhofia? Pia, gurudumu la ekstensheni ambalo mume wangu aliliacha limeviringishwa nusu lilikuwa na moto kiasi kwamba sikuweza kuliweka kiganja. Tumelifunua.

Fundi wa Malaba, Jumatano saa 3 usiku

Mama, kompresa ikianza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida, kwa muda mfupi usiofika sekunde. Kushuka hadi 196 na kurudi papo hapo ni kawaida kwa jenereta ndogo. Ukitaka kuipunguza, badilisha ekstensheni hiyo. Waya uliopata moto kiasi hicho huenda ni mwembamba pia, na waya mwembamba hula sehemu ya volti kabla hazijafika kwenye inveta. Soma kilichoandikwa kwenye ngozi yake. Ukikuta 0.75 au 1.0, weka wa 2.5, na kushuka huko kutapungua.

Mama Ediofe (Arua), Jumatano saa 3:15 usiku

Imeandikwa 0.75. Wa 2.5 nitaununua kesho mjini, na Jumamosi atakuja fundi mwingine mwenye kibali kuweka chenjova na nguzo ya ethi. Ule waya wa plagi pande mbili nimeukata vipande vinne kwa kisu cha samaki.